Panya aliyelelewa peke yake si kiziwi: kwa nini jaribio lako la mshtuko limetoka tupu

Swali:

Daktari, salamu kutoka Chiromo, Chuo Kikuu cha Nairobi. Nafanya uzamili katika fiziolojia. Nilichukua panya 16 wa kiume wa aina ya Wistar wakiwa na siku 35. Wanane nikawaweka mmoja mmoja, wanane wakae wanne wanne. Waliotengwa wote walitoka kwenye boksi la kwanza nililopewa. Nimekuwa nikiwapima uzito kila asubuhi. Baada ya wiki 4 niliwaingiza kwenye mashine ya mshtuko, ile inayopima jinsi panya anavyoshtuka akipigiwa sauti kubwa ya ghafla. Nilisoma kwamba panya aliyekulia peke yake hushindwa kuchuja sauti, lakini wangu wamelingana na wenzao katika kuchuja, tena wanashtuka kwa nguvu zaidi kidogo. Msimamizi wangu anahofia kwamba upweke umewaharibu masikio. Je, ndivyo? Na niongeze panya wangapi ili tofauti ionekane?

Jibu:

Usiongeze panya hata mmoja kwanza. Barua yako ina mambo matatu ambayo kila moja linaweza kufuta tofauti unayoitafuta: uliwatenga wakiwa wamechelewa, unawashika kila siku, na makundi yako mawili huenda yametoka kwa mama tofauti. Nitayarudia moja moja. Lakini tuanze na masikio, maana jibu la hilo tayari limo kwenye daftari lako.

Panya asiyesikia hashtuki. Njia ya mshtuko ni fupi ajabu: sauti kubwa ya ghafla huingia sikioni, hupokewa na seli zilizo kwenye mzizi wa neva ya kusikia, hupelekwa kwenye kiini kilicho sehemu ya chini ya ubongo iitwayo ponsi, hushuka uti wa mgongo, na misuli hujikunja ndani ya milisekunde 10 hivi. Gamba la ubongo halijaulizwa chochote. Kama upweke ungekuwa umepunguza usikivu, kitu cha kwanza kushuka kingekuwa ukubwa wa mshtuko wenyewe pale sauti kubwa inapopigwa peke yake. Wa kwako umepanda kidogo, na hilo si geni kwa panya waliotengwa. Ukitaka kumtuliza msimamizi, piga sauti za desibeli 80, 90, 100, 110 na 120 kwa mpangilio uliochanganywa, uchore mkunjo wa kila kundi. Mikunjo ikianza kupanda mahali pamoja, hoja ya uziwi imedhoofika sana. Anayetaka ushahidi zaidi ya huo atalazimika kupima mawimbi ya shina la ubongo kwa elektrodi, panya akiwa amelazwa kwa dawa.

Hofu hiyo ingekuwa na uzito kama ungetumia vipanya, wale wadogo wa spishi nyingine (mice). Vipanya wa nasaba ya C57BL/6J huanza kupoteza uwezo wa kusikia sauti nyembamba wakiwa bado vijana kwa sababu ya jeni waliyorithi, na wa DBA/2J huwahi zaidi, wawe wametengwa au wamelala kumi pamoja. Wistar hawana kasoro hiyo.

Nadhani kilichowachanganya ni neno lenyewe. Kutengwa si kunyimwa hisi. Katika miaka ya 1960 Hubel na Wiesel walishona kope za jicho moja la paka wachanga, na paka hao wakakua wasiweze kulitumia jicho hilo. Kazi hiyo ilichangia wapewe Tuzo ya Nobel mwaka 1981. Hata pale jicho lenyewe lilikuwa zima. Kilichopotea ni nafasi yake katika gamba la ubongo. Panya wako hajafungwa jicho wala sikio. Anawaona wenzake wa kizimba cha pili kadiri macho yake mekundu yanavyoweza, anawanusa, na anawasikia, pamoja na milio ya kilohezi 50 ya kucheza na ile ya kilohezi 22 ya hofu ambayo wewe na mimi hatuisikii. Anachokosa ni mguso: kulala amebanwa katikati ya ndugu zake, na kupigana mieleka.

Sasa tazama jinsi ukosefu wa mieleka unavyofika kwenye sauti. Ukitanguliza sauti ndogo milisekunde 100 kabla ya sauti kubwa, mnyama mzima hushtuka kidogo kuliko kawaida. Ile ndogo imefunga mlango kwa muda ili ubongo umalize kuishughulikia. Hiki ndicho kizuizi cha sauti tangulizi. Mlango wenyewe uko chini, kwenye shina la ubongo: kolikulasi ya chini, kolikulasi ya juu, kisha kiini cha pedankulopontini kinachotuma kemikali ya asetilikolini kwenye ponsi. Bawabu, hata hivyo, wako juu. Gamba la mbele, hipokampasi na kiini cha akambensi huamua mlango ufungwe kwa nguvu gani, na dopamini, kemikali nyingine ya ubongo, inapozidi kwenye akambensi mlango hulegea. Sehemu hizo za juu ndizo zinazochelewa kukomaa, na hukomaa wakati mwana panya anacheza. Kwa hiyo upweke hauharibu sikio. Unamharibu bawabu.

Ugunduzi wenyewe si wa jana. Mwaka 1993 Mark Geyer wa San Diego, pamoja na Wilkinson, Humby na Robbins, walionyesha kwamba panya waliolelewa peke yao tangu kuachishwa kunyonya wana kizuizi dhaifu, na kwamba dawa ya raklopridi, inayoziba vipokezi vya dopamini, hukirudisha. Walivutiwa kwa sababu udhaifu wa namna hiyo ulikuwa umeonekana kwa watu wenye ugonjwa wa akili wa skizofrenia tangu kazi ya Braff na wenzake ya 1978. Usiandike katika tasnifu kwamba panya wako ana skizofrenia. Andika kwamba ana kizuizi dhaifu cha mshtuko. Hayo mengine waachie wanaotibu watu.

Haya, tarehe. Kosa lako kubwa liko hapa, na si wewe uliyelianzisha, maana nyumba za wanyama zina mazoea ya kutoa panya wakiwa na wiki 5 kwa vile ni wagumu kufa njiani. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Kwa panya, ubichi huo una siku zake. Einon na Morgan walionyesha mwaka 1977 kwamba dirisha la athari za kutengwa liko kati ya siku ya 25 na ya 45 hivi, ambazo ndizo siku ambazo mieleka imepamba moto. Kundi hilohilo likaona baadaye kwamba saa moja tu ya mchezo kwa siku katika kipindi hicho hupunguza sana athari. Wako walikuwa na wenzao mchana na usiku mpaka siku ya 35. Walishakula sehemu nono ya chakula ulichotaka kuwanyima. Wilkinson na wenzake walipowatenga panya waliokwisha kuwa watu wazima, mwaka 1994, kizuizi hakikudhoofika hata kidogo. Wewe umeangukia katikati ya majaribio hayo mawili, karibu zaidi na lile lililotoka tupu.

Watenge siku ya 21, siku ileile ya kuachishwa kunyonya. Amua mapema kama siku ya kuzaliwa unaiita 0 au 1, uandike hivyo kwenye kila kadi, kwa sababu kosa la siku moja hapa hujirudia mpaka mwisho. Kisha ngoja wiki 6 hadi 8 kabla ya kupima. Wiki 4 ulizongoja ni chache kwa jaribio unalotaka lisimame lenyewe.

La pili ni mikono yako. Kumpima panya uzito kila asubuhi ni kumshika, kumnyanyua, kumzungusha na kumrudisha. Kwa panya anayeishi na wenzake hilo ni usumbufu mdogo. Kwa aliye peke yake, mkono wako ndio mguso pekee anaoupata kwa siku nzima, na imeonekana kwamba kushikwashikwa baada ya kuachishwa kunyonya hupunguza au hufuta kabisa athari ya kutengwa kwenye kizuizi. Bila kukusudia ulikuwa unawatibu. Badilisha maranda mara moja kwa wiki, pima uzito siku hiyohiyo, na uwafanyie makundi yote mawili sawasawa, kwa mtu yuleyule na kwa muda uleule. Mwambie na mhudumu wa wanyama. Wahudumu wengi wana huruma, na aliye peke yake ndiye anayepewa kidole cha kunusa kila jioni. Usiwahamishie kwenye sakafu ya waya ukidhani unarahisisha usafi. Sakafu ni kigezo kingine kabisa, na hutaweza kukitenganisha na upweke.

La tatu ni lile boksi la kwanza. Ndugu wa tumbo moja hufanana kwa mshtuko kuliko panya wawili waliookotwa popote. Kama wanane wako waliotengwa ni wa mama mmoja au wawili, umelinganisha ukoo na ukoo, hukulinganisha malezi. Gawanya kila uzao: mmoja aende peke yake, nduguye aende kundini. Kwa uzao 12 utapata 12 waliotengwa na 12 wa kundi katika vizimba 4 vya watatu watatu. Kwenye takwimu, uzao uingie kama kigezo, na kizimba pia kwa wale wa kundi, kwani watatu wanaolala pamoja si mashahidi watatu huru. Hapo ndipo swali lako la idadi linapata jibu: tafiti za aina hii huwa na panya 10 hadi 12 au zaidi kwa kila kundi, na 8 ni wachache hata pale kila kitu kingine kikiwa sawa, kwa kuwa athari hii ni nyepesi na hutofautiana kwa nasaba. Panya wa nasaba ya Lewis, kwa mfano, hawakuionyesha pale ambapo Sprague Dawley na Fischer 344 waliionyesha. Wistar wametoa majibu mchanganyiko. Kama nyumba ya wanyama inaweza kukupa Sprague Dawley, wachukue.

Kuhusu mashine hukusema lolote, kwa hiyo nitaandika mpangilio mmoja unaofanya kazi. Kelele ya chini isiyokatika, ile ya redio isiyoshika stesheni, iwe desibeli 65 hadi 70. Panya akae ndani dakika 5 bila kitu kingine. Zipigwe sauti kubwa 6 peke yake, desibeli 120 kwa milisekunde 40. Hizi za mwanzo hutumii kwenye hesabu ya kizuizi, ni za kuonyesha mshtuko kabla haujazoeleka. Kisha sehemu kuu, ikichanganywa bila mpangilio wa kubashirika: 10 za sauti kubwa peke yake, 10 zenye sauti tangulizi iliyozidi kelele ya chini kwa desibeli 3, 10 za desibeli 6, 10 za desibeli 12, na 10 zisizo na sauti yoyote. Sauti tangulizi idumu milisekunde 20, na kutoka mwanzo wake hadi mwanzo wa kubwa ziwe milisekunde 100. Malizia na kubwa 6 nyingine. Jumla ni majaribio 62. Kwa wastani wa sekunde 15 kati ya moja na jingine, nafasi ikibadilikabadilika kati ya 8 na 23, panya mmoja atakuchukua dakika 20 na ushei. Futa mrija anamokaa panya kwa alkoholi ya asilimia 70 na uuache ukauke kabisa kabla ya anayefuata.

Desibeli hizo zipime kwa kipima sauti kilichowekwa ndani ya mrija, pale kichwa cha panya kitakapokuwa, mlango ukiwa umefungwa. Namba iliyoandikwa kwenye programu ni ahadi tu. Spika iliyochoka hutoa 112 huku kompyuta ikionyesha 120, na sauti tangulizi ya desibeli 3 huzama kabisa feni ikianza kukwaruza. Pima kila asubuhi ya jaribio.

Hesabu ya kizuizi ni 100 × (1 − mshtuko wenye sauti tangulizi ÷ mshtuko wa sauti kubwa peke yake). Panya aliyetoa 400 kwa kubwa peke yake na 160 pale palipotanguliwa na ndogo ana kizuizi cha asilimia 60. Ikokotoe kwa kila panya kwanza, ndipo uchukue wastani wa kundi. Na tahadhari na wanaoshtuka kidogo. Chukua panya anayetoa 40, huku 20 kati ya hizo zikiwa ni mtikisiko wa mwili wake akijikuna au akipumua. Hata sauti tangulizi ikiufuta mshtuko wake wote, mashine itasoma 20, nawe utaandika asilimia 50. Ndiyo sababu ya yale majaribio 10 yasiyo na sauti: ndiyo yanayokuambia sakafu ya kila panya iko wapi. Weka kiwango cha kumwondoa panya asiyepanda juu ya sakafu yake, ukiweke kabla ya kufungua data. Kwa kuwa waliotengwa mara nyingine hushtuka zaidi, onyesha jedwali la mshtuko ghafi pamoja na asilimia. Asilimia inaweza kushuka kwa sababu namba ya chini ya mgawanyo imebadilika tu, na mtahini mjanja atauliza.

Nairobi ina matatizo yake. Mwanga wa dirishani hapa karibu na ikweta unakaribia saa 12 mwaka mzima, na hilo huwafanya watu waidharau taima inayowasha na kuzima taa za panya. Nayo taima ya kuzungusha ina tabia mbaya: stima ikipotea kwa muda wa saa tatu, nayo husimama kwa muda huohuo, kisha huendelea ikiwa imechelewa kiasi hicho. Baada ya mwezi wa stima kupotea na kurudi, usiku wa panya wako unaweza kuwa umeangukia saa za mihadhara. Nunua yenye betri ya akiba, na uiangalie kila Jumatatu. Jenereta nayo ikiwashwa katikati ya kipindi, futa kipindi kizima cha panya huyo. Mtetemo hupanda kwenye meza hata kama kelele haipenyi boksi la mashine. Meza ya zege yenye mpira chini ya boksi husaidia. Vifaa vinavyolia juu ya kilohezi 20, kama baadhi ya taa na chaja, huvisikii lakini panya anavisikia, kwa hiyo viondoe chumbani hata kama vinaonekana kimya.

Utataka shahidi wa pili. Panya aliyelelewa peke yake huchangamka kupita kiasi akiwekwa kwenye uwanja mpya, na athari hii ni imara kuliko ile ya kizuizi. Fanya kipimo hicho siku chache baada ya cha mshtuko. Wakizurura zaidi ya wenzao lakini kizuizi kikawa sawa, kutengwa kumeshika na tatizo liko kwenye mashine au nasaba. Wasipozurura zaidi, kutengwa kwenyewe hakukushika, na usipoteze muda kwenye spika.

Je, unaweza kuwarudisha kundini mwishoni uone kama wanapona? Swali zuri, ila lina jibu chungu kwa mnyama. Makinodan na wenzake walichapisha mwaka 2012 kwamba vipanya waliotengwa siku ya 21 hadi ya 35 walikuwa na miyelini, yaani utando unaofunika nyuzi za neva, pungufu kwenye gamba la mbele, na kuwarudisha kwa wenzao baadaye hakukurekebisha. Ukitaka kundi la namna hiyo, liombee kibali tangu mwanzo. Sheria ya Kenya ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inasimamia majaribio juu ya wanyama, na kamati ya maadili itauliza kwa nini upweke ni lazima. Jibu lililo kweli ni kwamba upweke wenyewe ndio kigezo unachokichunguza. Lisindikize na ahadi unazoweza kuzitimiza: vizimba viangaliane, kila panya awe na kitu cha kutafuna na karatasi ya kujengea kiota (makundi yote mawili yapate sawa, la sivyo umeongeza kigezo), na uzito wa kusimamisha jaribio uwe umetajwa kwa namba. Kibali kilichotaja siku 35 hakikuruhusu siku 21. Peleka marekebisho kabla ya kugusa mnyama.

Data uliyo nayo usiitupe. Kwa umri ulioanza nao, matokeo tupu si aibu, na yatakaa vizuri katika sura ya tasnifu kama jaribio la awali, mradi uandike wazi kila mara uliyowashika na asili ya yale maboksi. Nenda ukaulize nyumba ya wanyama kama boksi la kwanza lilikuwa la mama mmoja. Daftari la uzazi linapaswa kuonyesha. Ukiwa hapohapo, badala ya kuomba panya wa wiki 5, omba majike wenye mimba, uwaandikie kadi mpya, na uwaangalie kila siku saa tatu asubuhi na saa kumi na moja jioni ili tarehe ya kuzaliwa iwe yako mwenyewe.